Kakule, hakukuwa na mawe

Kakule,

Kompyuta yako bado iko hapa redioni, kwenye meza ya pembeni kati ya dirisha na kabati la kanda za zamani, na feni yake bado inaingia katika sauti zangu. Juma lililopita nilikuwa nasoma habari za barabara ya Kayna, lori limelala kwenye tope na magari yamepanga foleni pande zote mbili, fundi wetu wa mitambo akavua vifaa vya masikioni akaniuliza kama nje mvua imeanza. Nikamwambia ni Kakule anapiga hesabu. Akacheka, halafu akakumbuka, akavirudisha vifaa masikioni. Nikaendelea kusoma. Taarifa ya habari haingoji.

Nimeandika habari za vifo vingi na najua zinavyoandikwa: nani, wapi, lini, nani amethibitisha. Yako ilinishinda mahali pa kwanza kabisa, pale pa kusema ulikuwa nani. "Mwalimu wa fizikia wa Butembo" ni kweli, lakini haitoshi. Basi nakueleza wewe mwenyewe yaliyotokea tangu figo zako zilipokataa, na nitayaeleza kwa mpangilio. Nakumbuka ulivyokuwa unachukia habari isiyo na mwanzo.

Tulikuzika Beni, nyumbani kwenu mtaani Ruwenzori, kama ulivyotaka. Wanafunzi wako walikuja kwa pikapu, wamebanana na viatu vyao mikononi ili visichafuke. Kaka yako Mumbere aligharamia kila kitu, akasimamia kila kitu, akakagua hata misumari ya jeneza. Hakulia. Alikagua maiti yako kama anavyokagua gunia la kakao, akitafuta kasoro ambayo ingemruhusu kulirudisha. Mimi nilisimama nyuma na kalamu mkononi bila karatasi. Sijui kalamu ilifikaje pale.

Baada ya mazishi Mumbere alipanda mpaka Butembo kumsaidia mke wako Kavira kupanga nyumba. Nilikuwapo. Jikoni, juu ya rafu, alikuta lile kopo kubwa la maziwa ya unga. Alipolishika alishangaa uzito wake, akalifungua, akamimina mezani zile pete zako nyeusi na vile vipande vidogo vinavyong'aa. Vikarukiana, vikashikana na kijiko na mfuniko. Mumbere akarudi nyuma hatua moja.

"Katungu, hii ni nini?"

Nikamwambia ni sumaku. Kubwa ulizitoa kwenye baffle, yaani spika, za redio zilizoungua, nyingine kwenye vifaa vya masikioni vilivyoharibika. Nikamwambia nilikupa mimi mwenyewe.

"Baffle!" Akacheka, mara ya kwanza tangu kifo chako. "Wee journaliste, utanidanganya mimi? Mutu wa masomo yote hayo ataficha baffle ndani ya kopo ya maziwa?"

Unajua chanzo cha shaka yake. Unakumbuka ile Jumapili ulipokuja kula kwake, mvulana mmoja wa jirani akakuuliza unasoma nini siku hizi, nawe kwa upole wako ukajibu kwa ukamilifu: molekuli za potasiamu na rubidiamu, zilizonaswa. Mumbere alishusha kijiko. Katika nchi hii, neno linaloishia kwa -iamu, kama jina la madini, lina mnunuzi. Akakuuliza palepale: "Iko na bei gani?" Ukamwita yaya, kama mnavyomwita kaka mkubwa: "Yaya, mi sina hata chembe moja. Niko nahesabu tu." Naye akakukonyeza, akakuongezea nyama. Tangu siku ile aliamini una mawe mahali fulani, na kwamba una akili ya kutoyasema mezani.

Alishuka Beni na kopo. Akampelekea mnunuzi wa madini, ambaye alizigeuza sumaku mara moja akamwambia, "Patron, hii ni ya baffle." Akaenda kwa wa pili, wa pili naye akasema ni ya baffle. Wa tatu alichukua moja akaibandika kwenye mlango wake wa chuma, akacheka, naye akasema baffle. Mtu mwingine angerudi nyumbani. Lakini ndugu yako ananunua kakao, Kakule. Kila asubuhi watu wanamletea magunia kutoka Mutwanga, naye anatafuna punje moja, anatema, anasema hii haikukauka, hii ina ukungu, hii ni takataka, kisha anainunua. Kwake, mtu anayedharau mali yako ndiye anayeitaka. Wanunuzi watatu walipodharau, hesabu yake ilikamilika. Akazifungia sumaku kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda.

Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza kuwa zito, kwa sababu Mumbere aliamua kumlipia Masika masomo.

Binti yako alikuwa amekwisha kukata tamaa. Mshahara wako ulikoma pamoja nawe, na Kavira anauza unga tu. Masika alishakunja nguo zake ili asirudi tena Kisangani. Mumbere akampigia simu: rudi chuo, nitalipa, soma fizikia hiyohiyo ya baba yako mpaka mwisho. Nilifurahi kwa muda mfupi. Kisha Masika akanieleza.

"Tantine," aliniambia kwenye simu, maana ananiita shangazi, "baba mukubwa ananiulizaka kila mara: ile fasi ya mawe iko wapi? Namwambia, baba mukubwa, hapana fasi, hapana mawe, papa alikuwa nahesabu tu. Anacheka. Anasema, njo vile, mutoto wa akili hasemake mambo kwa téléphone. Tantine, mi niko nasoma na pesa ya mawe ambayo haiko. Siku atajua, atasema nilimuiba."

Nilimuuliza anataka nini. Akasema anataka mtu amwambie ukweli, mtu ambaye Mumbere hawezi kumcheka.

Kavira alitaka kinyume chake. Alinishika mkono pale sokoni, mikono yake myeupe kwa unga. "Dada, acha kwanza. Mutoto amalize mwaka. Ukisema hapana mawe, yaya atafunga mukono, na mi nitafanya nini?" Hakuna aliyekosea kati yao wawili. Nilirudi redioni nikakaa karibu na feni yako, na sikuwa na la kukuuliza ambalo ungeweza kulijibu.

Kisha familia ikapanga siku ya kuondoa kilio. Unajua desturi ya kwenu: siku hiyo, kabla watu hawajala, mtu mmoja asiye wa ukoo anasimama na kusema marehemu ameacha kazi gani mikononi, halafu familia inasema nani ataishika. Ya baba yenu ilikuwa rahisi: shamba na mbuzi. Kwa yako, walikaa wakatazamana. Mwisho shangazi yenu Kyakimwa akasema: "Muite ule wa redio. Yeye njo alikuwa nakaa na ile mashini yake." Mumbere akakubali upesi. Najua kwa nini alikubali. Alidhani nitasimama mbele ya watu na kutaja mahali pa mawe.

Kwa hiyo nilipaswa kujua ulikuwa unafanya nini. Nilidhani najua. Miaka yote ile ulikuja na kompyuta yako kwa kuwa tuna paneli za jua na betri nzuri, ukaiacha ikihesabu mchana kutwa, na jioni ukitoka ulisema neno moja tu mlangoni, ukiniita mwenzako wa kazi: "Usizime, collègue." Betri zikipungua nilizima friji, nikazima taa za ukumbini. Yako sikuizima. Lakini kuilinda kazi ya mtu si kuielewa. Nikarudi kwenye ile siku ya mvua, ulipojaribu kunieleza, nikaipitia kama ninavyopitia mahojiano kabla ya kuyakata. Nikurudishie niliyoelewa.

Molekuli yako ni atomu mbili tu, moja ya potasiamu na moja ya rubidiamu, zimeshikana. Kwa kuwa hazivuti elektroni kwa nguvu sawa, upande mmoja wa molekuli unaelemea hasi na mwingine chanya. Ina kichwa na mkia. Watu wenye maabara, mbali sana na Butembo, wanazipoza mpaka karibu na baridi ya mwisho, ile ambayo chini yake hakuna baridi nyingine, kisha wanazinasa kwa mwanga. Mtego wenyewe ni mwembamba kama chapati, ili molekuli zisipandane kichwa kwa mkia na kushikana. Halafu unaleta umeme kutoka juu. Zote zinasimama wima, vichwa juu, na zikisimama hivyo zinasukumana ubavu kwa ubavu. Mtego unazikusanya ndani, zenyewe zinasukumana nje. "Sasa njo swali," ulisema. "Zitakaa namna gani?"

Umeme ukiwa dhaifu, hazikai. Katika baridi ile kila moja imetanda kama wimbi, na mawimbi yanaingiliana mpaka huwezi tena kusema hii ni hii na ile ni ile. Zinatiririka pamoja bila msuguano. Umeme ukizidi, kila moja inapata kiti chake, na kundi zima linakuwa fuwele. Wenzako wengi wanauliza habari za molekuli maelfu. Wewe ulitaka tatu, nne, tano, sita. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema zikiwa nyingi zinaficha tabia yao, zikiwa chache huwezi kuongeza hata moja bila kundi lote kubadilika. Kisha ukacheka: "Na mashini yangu haiwezi zaidi."

Siku ile dari lilikuwa linavuja. Nilikuwa nimeweka beseni chini ya tone, karibu na kipaza sauti, na ulikuwa umekasirishwa na swali langu moja la kijinga. Ukalivuta beseni, ukaweka pete kubwa ya baffle chini yake, ukakata vipande vya sapatu ya mpira, juu ya kila kipande ukabandika sumaku ndogo, uso uleule juu, ukaziacha zielee. Pete ya chini ilizivuta katikati, zenyewe zikasukumana. Tatu zikafanya pembetatu. Nne, mraba. Tano, duara lenye katikati patupu. Ukaniambia niiweke ya sita mwenyewe. Nilidhani duara litapanuka. Moja iliingia katikati ikatulia, na tano zikaizunguka.

Nilisahau kuanza kipindi. Wasikilizaji walipata kimya kirefu na sauti ya mvua, na mmoja alipiga simu kuuliza kama mji umeshambuliwa.

"Lakini bassin inaonyesha nusu tu," uliniambia, nami nikaandika maneno hayo mkononi kwa kalamu. Nusu ya fuwele. Nusu nyingine, pale zinapotiririka, hakuna beseni la kuionyesha. Ulikuwa unatafuta kilicho katikati ya hali hizo mbili: umeme ukipungua polepole, nini kinalegea kwanza katika zile sita? Duara la nje linaanza kubadilishana nafasi huku ile ya katikati bado imetulia? Au zote huachia pamoja? Ulisema katika kundi dogo hakuna mstari unaouvuka. Hali moja inafifia ndani ya nyingine, na kazi yako ni kusema inafifia vipi. Ni hivyo tu. Kwa hilo ulipanda kilima cha redio miaka yote ile, na mfuko wa kompyuta kifuani ndani ya koti, mvua ikinyesha.

Niliamua kusema ukweli. Sikuamua kwa ujasiri. Sijui kusema kisichokuwapo, na mwanao alikuwa ameniomba.

Siku yenyewe kulikuwa na jua. Uani kwa Mumbere walikuwa wamesogeza kakao iliyoanikwa, wakatandika turubai juu ya nguzo, viti vya plastiki vya kukodi vikapangwa, na harufu ya kakao ikabaki pale chini kama mtu aliyeombwa kuhama akakataa. Ndugu zako walikaa mbele. Masika alikuja kutoka Kisangani, amekonda, amefunga kitambaa cha mama yake. Kavira hakunitazama. Sala ikasaliwa. Mumbere akainuka kwenye kiti chake, kiti pekee cha mbao, katikati ya safu ya kwanza.

"Journaliste, sema. Kakule alituachia kazi gani?"

Nikasimama. Nikasema: "Kakule hakuacha mawe."

Nilitaka liwe la kwanza, ili wasisikilize mengine wakilingoja. Nikasema hakuwa na rubidiamu, hakuwa na shimo wala mshirika wala mnunuzi. Yaliyomo kwenye kopo ni sumaku za redio zilizoungua, nilimpa mimi. Masika amekuwa akisema kweli kwenye simu kila mara. Kavira alifumba macho. Nyuma mtu alimwita Mungu, "Eh, Nyamuhanga," na kiti kimoja kikalia.

Mumbere hakuketi. "Wote batatu banasema hivyo," alisema taratibu, akimaanisha wale wanunuzi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu upya gunia kwa gunia. Nilimwonea huruma, Kakule. Hakuwa amepoteza mali. Kwa muda wote ule aliamini mdogo wake alikuwa na jambo kubwa alilomficha, na jambo hilo lilikuwa limembakizia kitu chako cha kutafuta.

"Kama hapana mawe," alisema, "alikuwa nafanya nini miaka yote ile? Ungesema alikuwa nalala, ningeelewa."

Nikamwomba alete kopo. Nikamwomba mke wake beseni, akaleta la kufulia, jekundu, lenye maji. Masika alikwisha kuvua sapatu yake moja na kuomba kisu, sikumwambia, alijua. Akakata vipande, mikono yake ikifanya kama yako, ule ulimi pembeni mwa mdomo. Nikaweka pete kubwa chini ya beseni, watu wakasogeza viti.

Jaribio la kwanza liliharibika. Niligeuza moja kichwa chini, ikamkimbilia jirani yake, zikashikana na kupinduka pamoja. "Hawa bameoana!" akasema shangazi Kyakimwa, na uani pote pakacheka, hata Kavira. Nikaitoa, nikaigeuza. Nikaziweka moja moja. Tatu, nne, tano. Nikamwita Mumbere aiweke ya sita. Aliiweka pembeni kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa kitu cha moto. Zikatikisika, zikatafutana, moja ikapita katikati ikakaa.

Wanaume walisimama wote.

"Hii ni dawa?" mmoja aliuliza.

"Ni baffle," akajibu Mumbere kabla yangu.

Shangazi aliinama mpaka kitambaa chake kikagusa maji. "Ule wa katikati ni nani?"

"Si ni Mumbere," akasema mdogo wenu wa mwisho. "Anapendaka katikati." Wakacheka tena, na Mumbere akamtishia kumpiga kofi lisilokuja.

Nikawaambia ulichoniambia. Kwamba hapa kwenye beseni ningeweza kuzitia alama za chaki na kusema huyu ni huyu. Lakini zile ulizozihesabu hazina alama. Zote ni sawa kabisa, zinabadilishana bila mtu kuziona, na ukiuliza ya katikati ni ipi, jibu si kwamba hatujui. Jibu ni kwamba si yoyote peke yake. Na kazi yako ilikuwa kujua lini inakuwa hivyo na lini kila moja inashika kiti chake.

"Donc kule hapana mukubwa," akahitimisha Mumbere.

"Hapana."

"Na hii inalisha mutu?"

Nilifikiria kulipamba jibu. "Bado haijalisha mtu," nikasema.

Akatikisa kichwa. Akakunja mkono wa shati lake jeupe, akachuchumaa kando ya beseni, mtu mzima wa mwili ule. Nilidhani anataka kuzitoa zote. Alitoa moja, ya pembeni, akaishika kiganjani.

Zilizobaki zikayumba. Palikuwa na pengo kwenye duara. Ile ya katikati ikaondoka mahali pake, ikaenda nje taratibu, ikaingia kwenye pengo. Duara la sumaku tano, katikati patupu.

Mumbere akairudisha. Moja ikaingia katikati. Akatoa tena moja ya pembeni, upande mwingine. Ya katikati ikatoka, ikaenda kuziba. Akafanya hivyo tena na tena, na hakuna aliyemwambia chakula kinapoa. Maji yalikuwa yameingia kwenye magoti ya suruali yake ya sherehe.

"Mumbere," shangazi akasema, "unaona? Wa katikati anatoka."

"Naona, shangazi."

Alichuchumaa pale na sumaku yako kiganjani, na nikaona mabega yake yanatikisika. Wenzake walitazama kando kwa heshima. Kavira akaja akampa kitambaa, naye akafuta mikono, kisha uso, kwa mpangilio huo. Sikumuuliza alichokiona kwenye maji. Katika kazi yangu ningeuliza.

Aliposimama aliuliza lile la desturi: nani ataishika kazi? Masika akajibu yeye, kwa sauti ndogo. Mumbere akamgeukia.

"Utaishika," alisema. "Na kazi ya kukusomesha ilikuwa ya Kakule. Hiyo nashika mimi. Si kwa ajili ya mawe." Kisha akanigeukia, na nikamwona yule mnunuzi wa kakao akirudi usoni mwake. "Journaliste, balisema kweli, hawa banunuzi ba Beni. Vraiment, mara ya kwanza katika maisha yangu. Nitabasalimia namna gani sasa?"

Tukala. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya ndugu zako. Cha mbao alikalia shangazi, kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma.

Masika amerudi Kisangani. Mumbere anampigia simu bado, lakini sasa anauliza kama amekula. Likizo atapima kakao kwake, ndivyo walivyopatana, na Masika ameniambia anaogopa kidogo kutafuna punje. Pete moja kubwa Mumbere ameibandika kwenye mlango wa chuma wa depo yake ya kakao. Nilipita pale nikielekea Mutwanga kuandika habari za ukungu wa kakao, na mkulima mmoja alikuwa anauliza ni nini. "Hiyo ni kazi ya mudogo yangu," Mumbere akamwambia. Mkulima akauliza bei. "Haiuzwake," akasema, akatafuna punje ya mkulima yule, akatema, akamwambia ni takataka. Mengine hayajabadilika.

Kavira alinijia redioni na mfuko wa unga. Aliuweka mezani, akakaa muda kidogo upande wa feni yako, akaondoka.

Hesabu yako ya molekuli sita bado inaendelea. Masika aliianzisha upya alipopita Butembo, akanionyesha kwenye kioo mstari unaopanda polepole. Kwa sasa, anasema, inaelekea duara la nje ndilo linaloanza kubadilishana kwanza, na wa katikati anachelewa kuachia. Alinikataza kulitangaza jibu kabla halijakamilika. Ana ukali wako uleule. Nikamwahidi, nawe nakuahidi: sitalisoma nusu. Litakapokamilika nitalisoma lote, kwa Kiswahili, katika taarifa ya saa saba, baada ya habari za barabara, na kabla ya jina lako sitasema "mwalimu wa fizikia" nikaishia hapo. Nitasema ulihesabu jinsi molekuli sita zinavyokaa pamoja, na ziko namna gani zinapoachia. Atakayepiga simu kuuliza bei nitamjibu kama ulivyomjibu Mumbere.

Kuna mvua sasa, ya kweli. Dari bado linavuja palepale, na beseni liko chini yake. Betri zimeshuka kidogo, kwa hiyo nimezima friji na taa za ukumbini, na nakuandikia kwa mwanga wa kioo chako.

Nenda kwa amani, collègue. Sizimi.

Katungu